Tshibumba Kanda Matulu, muchoraji wa ukumbusho

Mu kampi za wafanyakazi wa migodi ya Katanga, miaka ya 1970, nyumba nyingi zilikuwa na tablo ku ukuta wa saloni. Wakati mungine ilikuwa mandhari: kijiji kando ya maji, mitumbwi, jua linashuka. Wakati mungine ilikuwa mamba muntu, ule mwanamuke wa maji mwenye mukia wa samaki. Mu nyumba zingine ilikuwa mufungwa amelala chini anapigwa fimbo, na muzungu amesimama anaangalia. Wale waliokuwa wanachora tablo hizo hawakupita mu masomo makubwa ya sanaa. Walichora ku magunia ya unga, wakabeba kazi yao chini ya kwapa, wakaenda mulango kwa mulango kutafuta mununuzi.

Mumoja kati yao aliamua kuchora historia yote ya inchi, tangu wakati wa mababu mpaka siku zake mwenyewe. Jina lake ni Tshibumba Kanda Matulu. Leo tablo zake 101 ziko Amsterdam, kule Uholanzi, mu nyumba ya makumbusho. Yeye mwenyewe hana kaburi lenye kujulikana.

Hapa kwetu Vulamba, Butembo na Beni, watu wengi hawajasikia hilo jina. Lakini kila mutu mwenye ndugu, bwana ao mutoto ku kariyeri, historia ya huyu mutu inamuhusu.

Mutoto wa muji wa shaba

Tshibumba alizaliwa mwaka 1947 mu muji wa Élisabethville, njo Lubumbashi ya leo. Muji wenyewe ulizaliwa juu ya shaba. Kompani ya Union Minière du Haut-Katanga iliundwa mwaka 1906, muji ukaanzishwa mwaka 1910, na mwaka 1911 kiwanda cha kuyeyusha shaba kikaanza kazi. Bomba refu la moshi na mulima mweusi wa makapi ya shaba vilikuwa vinaonekana toka mbali. Mutoto wa Lubumbashi akiambiwa achore mandhari ya kwao, hachori mito na misitu peke yake. Anachora na lile bomba, na ule mulima ambao watu ndio waliuinua, wagoni kwa wagoni.

Familia yake ilikuwa na asili ya Kasai, kama familia nyingi za kule. Union Minière ilihitaji mikono, na mikono ya Katanga haikutosha. Ilitafuta watu Kasai, Lomami, hata Ruanda-Urundi. Kisha reli ikafika Port-Francqui, yaani Ilebo, mwaka 1928, na njia ya Kasai ikakuwa nyepesi zaidi. Watu walishuka na gari la moshi, wakapewa nyumba ya kampi, posho na namba ya kazi. Watoto wao wakazaliwa Katanga, wakasema Swahili, wakacheza mupira mu vumbi ya kampi.

Wakati wa uhuru, mwaka 1960, Tshibumba alikuwa hajafikisha hata miaka kumi na ine. Tarehe 11 Julai ya mwaka huo Katanga ilijitenga na Congo, na kujitenga huko kukaendelea mpaka Januari 1963. Watu wa asili ya Kasai waliangaliwa kama wageni na maadui. Mwaka 1961 maelfu na maelfu wao walikimbilia kampi ya wakimbizi ya ONU kando ya muji. Sisi wa Beni na Lubero hatuna lazima ya kuelezwa sana nini maana ya kuacha nyumba na kulala chini ya shitingi. Kijana aliyekomaa mu miaka kama hiyo alijifunza mapema kama historia si kitu cha mu kitabu tu. Inaweza kukukuta ku mulango wako.

Kazi ya mukono, bila namba

Tshibumba alijifunza kuchora kwa kazi yenyewe. Ku nafasi ya kitambaa cha bei kali alichukua gunia la unga, akalinyoosha ku mbao, akalipaka rangi ya chini, kisha akachora juu yake. Watu wanaonekana toka mbali, rangi ni za nguvu, na maneno yameandikwa mu Kifaransa ndani ya picha yenyewe: jina la tukio, mwaka, mahali. Chini anatia sahihi yake, mara nyingi Tshibumba K.M., na wakati mungine anaongeza kazi yake: muchoraji, mwanahistoria. Ile neno la pili hakuliandika kwa kujisifu. Aliona kabisa kama kazi yake ni kuandika historia, na rangi ni kalamu yake.

Tablo moja hakuichora mara moja tu. Mununuzi wa Katanga hakutafuta picha ambayo hakuna mutu mungine anayo. Aliona Colonie belge kwa jirani, akaitamani, akaomba naye yake. Basi muchoraji alianza tena: mufungwa, fimbo, bendera, muzungu. Mukono ulikuwa ule ule lakini kila tablo ilitofautiana kidogo na ile iliyotangulia.

Ulaya na Marekani soko la picha liko kinyume. Kule kuna ufundi unaitwa litografia, uliovumbuliwa na Mujerumani Alois Senefelder karibu na mwaka 1798. Musanii anachora ku jiwe la chokaa lililo laini, na kalamu ya mafuta. Jiwe linalowanishwa na maji. Wakati wa kupaka wino, wino inashika tu pale penye mafuta, juu mafuta na maji havipatani. Karatasi inabanwa juu ya jiwe, na picha inatoka. Inawezekana kutoa nyingi sana, lakini musanii anaweka mupaka: kwa mufano 50 tu. Anaandika 1/50, 2/50, mpaka mwisho, anatia sahihi, kisha jiwe linafutwa ili isitoke ingine. Roy Lichtenstein, Mumarekani wa ile sanaa inaitwa pop, aliyekufa mwaka 1997, alitoa picha nyingi za hesabu kama hiyo. Kati yao kuna mandhari za bahari, mawingu na jua, zimejaa vitone kama picha ya gazeti ukiiangalia karibu.

Muchimbaji wa zahabu anaelewa upesi hesabu hiyo: kitu kichache njo kina bei. Lichtenstein na Tshibumba walipatana ku jambo moja, kila mumoja alichukua picha ambazo watu wa kawaida wanazijua tayari. Lakini ya mumoja ilipewa bei na uchache wake, na ya mungine ilipewa nguvu na wingi wake. Tablo ya Lumumba ikiwa mu nyumba moja peke yake, ni mali ya mutu. Ikiwa mu nyumba mia, watu wote wa kartye wanaikumbuka pamoja.

Watu wa Katanga walikuwa na neno moja la kusifu tablo nzuri. Walisema iko na ukumbusho. Mugeni anaingia, anakaa, anaangalia ku ukuta, anauliza. Baba wa nyumba anaeleza: hii ilikuwa mwaka fulani, babu yako alikuwa pale, njo vile ilifanyika. Watoto wanasikiliza. Muchoraji ametoa picha, na maneno yanatoka kwa wenye nyumba.

Tablo 101

Mwisho wa mwaka 1973 Tshibumba alifika ku mulango wa mwalimu mumoja wa universite ya Lubumbashi, kama alivyokuwa anafika ku milango mingine, akiwa na tablo za kuuza. Mwalimu huyo alikuwa Johannes Fabian, Mujerumani, muchunguzi wa maisha na desturi za watu. Alinunua, kisha wakaanza kuzungumuza. Tshibumba alimuonyesha kama ana mupango mukubwa kuliko kuuza tablo moja moja: alitaka kuchora historia nzima ya Zaire, maana inchi yetu iliitwa hivyo tangu mwaka 1971. Fabian alikubali kununua kazi hiyo.

Miezi iliyofuata Tshibumba alikuwa anarudi kila mara na fungu jipya la tablo. Walizipanga moja nyuma ya ingine, na Tshibumba akaeleza kila moja mu Swahili ya Katanga, mashine ikirekodi sauti. Fabian aliuliza, Tshibumba akajibu, wakati mungine akamusahihisha. Wakati Fabian alikuwa karibu kuacha Lubumbashi, mwaka 1974, tablo zilikuwa zimefika 101. Mwaka 1996 alizitoa mu kitabu pamoja na maneno ya Tshibumba. Maneno hayo yalitafsiriwa mu Kiingereza, lakini mwanzo wake ulikuwa Swahili, luga ambayo wachimbaji wa Katanga walisema, na ambayo sisi pia tunaisema kwa namna yetu.

Mu hizo tablo kuna wafalme wa zamani na wazungu wa kwanza. Kuna Msiri, mufalme wa Bunkeya, aliyeuawa Desemba 1891 na Kapiteni Bodson, mutumishi wa Léopold II. Kuna Simon Kimbangu mbele ya tribunali ya wakoloni. Kuna uhuru wa tarehe 30 Juni 1960. Na kuna kifo cha Patrice Lumumba, Maurice Mpolo na Joseph Okito, waliouawa pamoja tarehe 17 Januari 1961 mu poli la Katanga, si mbali na muji alimozaliwa Tshibumba. Pale nyuma alichora misalaba mitatu. Mukristo yeyote anaelewa bila kuelezwa. Kwa Tshibumba, Lumumba alikufa kama Yesu ku Golgota, katikati ya wawili, kwa ajili ya watu wake.

Tukumbuke wakati ule ulikuwa wakati wa Mobutu na chama kimoja. Historia iliyoruhusiwa ilikuwa ile ya chama. Mobutu mwenyewe alimutangaza Lumumba kuwa shujaa wa inchi mwaka 1966, lakini kumuchora na kueleza nani alimukamata na nani alimutoa kwa maadui, ile ilihitaji moyo. Tshibumba alichora pia sifa za serikali, kama kila mutu wa wakati ule. Lakini ukitazama zote 101 kwa mufuatano, unaona mara kwa mara wenye nguvu wamesimama na watu wa kawaida wako chini.

Siku ya kiwanja cha mupira

Kwa jamaa za wachimbaji, kuna jambo moja mu historia hiyo lenye uzito kuliko mengine. Ni mugomo wa Desemba 1941.

Ulikuwa wakati wa vita ya pili ya dunia. Ubelgiji ilikuwa imevamiwa na Wajerumani, lakini Congo ilibaki upande wa Waingereza, na shaba ya Katanga ilihitajiwa kwa vita. Kutoka Shinkolobwe, mugodi mungine wa kompani hiyo hiyo, ilikuwa inatoka uranium ambayo baadaye iliingia mu bomu za atomi za Wamarekani. Kazi iliongezwa. Bei za vitu mu soko zikapanda. Mushahara wa mufanyakazi mweusi haukufuata. Wafanyakazi wazungu walitangulia kudai nyongeza kwa kugoma. Weusi wakaona njia, nao wakadai.

Mugomo ulianza upande wa Jadotville, yaani Likasi, ukafika Élisabethville. Watu waliacha kazi, wakakusanyika ku kiwanja cha mupira cha kampi. Mumoja wa wenye kusema kwa ajili yao alikuwa Léonard Mpoyi, mutu aliyesoma. Tarehe 9 Desemba gavana wa Katanga, Maron, alifika pale pamoja na maaskari. Aliwaamuru warudi ku kazi. Walikataa mpaka wapate jibu la mushahara. Maaskari wakapiga risasi. Mpoyi alikufa pale, na pamoja naye makumi ya wafanyakazi. Hesabu ya serikali na hesabu ya jamaa zao hazikupatana hata siku moja.

Tshibumba alizaliwa miaka sita nyuma ya siku hiyo. Hakuiona na macho yake. Aliisikia kama vile watoto wote wa kampi waliisikia, ku moto wa jioni, kwa baba na wajomba. Magazeti ya wakoloni hayakuisema vile watu walivyoiishi, na ku kiwanja watu wakaendelea kucheza mupira. Basi yeye akaichora: maaskari na bunduki zao, na wafanyakazi chini. Kabla ya hapo wafu hao walikuwa na ukumbusho wa mudomo tu. Tangu pale walikuwa na picha ku ukuta, na mutoto aliyezaliwa nyuma aliweza kuuliza ni nani hawa.

Njo hapa tofauti kati yake na muchoraji wa kupamba nyumba. Mandhari ya jua na mitumbwi alijua kuichora vizuri, na aliiuza, maana feza ya chakula ilitoka huko. Lakini kazi aliyoiita yake, ile ya mwanahistoria, ilikuwa kuhakikisha kama mutu aliyekufa ku kazi hapotei mara mbili.

Namna soko lilivyokufa

Mwaka 1967 serikali ilikuwa imechukua Union Minière, na baadaye kompani ikaitwa Gécamines. Miaka michache mambo yalikuwa mazuri: bei ya shaba ilikuwa juu, mushahara uliingia, na mufanyakazi aliweza kutoa kidogo kwa tablo. Kisha, kati ya 1974 na 1975, bei ya shaba mu dunia ikaanguka. Mu muji wa migodi, shaba ikianguka, kila kitu kinaanguka nyuma yake: muuza nyama, fundi wa nguo, na muchoraji. Hata sisi wa zahabu tunalijua hilo. Siku zahabu inakosa bei, hata mama wa beignets ku barabara anasikia.

Ikafuata vita ya Shaba ya mwaka 1977, na ile ya Kolwezi ya mwaka 1978. Wageni wengi waliokuwa wananunua tablo waliondoka. Familia za wafanyakazi zilibaki, lakini feza zilienda ku unga. Wachoraji wengi wakabadilisha kazi. Tshibumba aliendelea kuchora mu miaka hiyo, na kuna tablo zake zilizoingia mu mikono ya wachunguzi wengine wa historia ya Congo.

Karibu na mwaka 1981 alipotea. Alikuwa na umri wa miaka karibu makumi tatu na ine. Waliomutafuta baadaye hawakumupata, wala hai wala mufu, na tangu pale anahesabiwa kati ya wafu. Mutu aliyeandika mwaka na mahali ku kila tablo yake hana tarehe ya kifo wala musalaba wenye jina.

Nini inabaki

Zile 101 ziliingia mu makumbusho ya Tropenmuseum ya Amsterdam, ambayo leo inaitwa Wereldmuseum. Mwaka 2017 kazi yake ilionyeshwa mu documenta 14, moja ya maonyesho makubwa ya sanaa ya dunia. Wanafunzi wa universite za mbali wanasoma Congo kupitia magunia yake ya unga. Hiyo ni heshima, na hatuikatai. Bila mutu wa kuzinunua zote pamoja na kuzitunza, pengine zisingebaki.

Lakini zile zingine, zilizokuwa ku ukuta wa kampi, nyingi zimekwisha. Mchwa, mvua, moto, kuhama, vita. Watu waliuza nyumba wakaacha tablo ndani. Gunia la unga si jiwe. Na zile njo zilikuwa zinafanya kazi ambayo Tshibumba alizitakia, kuwa mbele ya macho ya watoto wa wachimbaji wenyewe, mu luga yao, jioni, wakati baba amerudi ku kazi.

Upande wetu pia kuna historia ambayo haiko ku ukuta wowote. Wababu wa wengi walichimbia wazungu zahabu ya Kilo-Moto kule Ituri. Wengine walifanya kazi mu kompani za Kivu. Leo vijana wanashuka mu mashimo ya upande wa Manguredjipa na ya poli la Mambasa, na wengine hawarudi. Shimo linabomoka, watu wanalia, siku tatu, wiki moja, kisha shimo lingine linafunguliwa kando. Ukiuliza mwaka gani, watu wanabishana. Ukiuliza majina, wanakumbuka mawili ao matatu.

Haiombi universite kuanza. Iko wachoraji hapa wanaoandika majina ku maduka na ku malori, wenye mukono muzuri. Iko vijana wanaopiga picha na telefone kila siku ku kariyeri. Kile Tshibumba alifanya na ambacho picha zetu nyingi zinakosa ni kitu kidogo: aliandika ndani ya tablo jina la tukio, mwaka na mahali, akatia sahihi yake. Picha ya marehemu iliyo mu saloni yako, igeuze leo nyuma, uandike na biki ni nani, alichimba wapi, na alikufa tarehe gani. Fanya hivyo wakati mama yake ao mukubwa wake angali hai wa kukuambia.